Nafasi ya Bure Chini ya Roshani ya Mervat

Jumamosi, 16 Agosti

Tumefika Iskandaria. Joto! Watu! Kairo nzima imehamia huku, kila mmoja na gari lake, na kila gari limekaa pale nilipotaka kukaa mimi.

Tumekuja kumuaga Mervat, dada mkubwa wa mke wangu. Ameuza fleti yake ya Sidi Bishr. Ijumaa anapanda ndege kwenda Sharjah kuishi kwa mwanawe, na harudi tena. Yeye ndiye aliyemlea Nagwa wangu baada ya mama yao kufariki. Nagwa ameniomba jambo moja tu katika safari hii: Ijumaa niwapeleke wote wawili uwanja wa ndege kwa Fiat yetu, wakae pamoja kiti cha nyuma, wawe pamoja mpaka mlangoni. Nimemwahidi. Gari ninalo, leseni ninayo, shida iko wapi?

Shida ni Hanafi. Ni sayisi wa mtaa wa Mervat, yaani mwelekezaji wa magari, mwenye kofia ya bluu na filimbi. Hakuajiriwa na mtu wala kuteuliwa na serikali, lakini kila anayeegesha gari mtaani pale humlipa yeye. Alinipokea kwa mikono miwili. Karibu injinia, Iskandaria yote imepata nuru! Mimi si injinia. Nilikuwa mkaguzi wa mita za maji mpaka nilipostaafu. Sikumsahihisha. Akasema anayo nafasi safi, kivulini, nilipe ya wiki nzima kwa mkupuo naye atanifikiria. Nikamjibu kwamba barabara ni mali ya umma. Akacheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni. "Basi kauombe umma ukusogezee gari, injinia."

Nikamshusha Nagwa na mizigo, nikaanza kuzunguka. Nikazunguka tena. Hatimaye nikapata upenyo mbele ya duka la mboga, mbali kabisa, vituo kadhaa vya tramu kutoka kwa Mervat. Bure! Nikarudi kwa miguu huku shati limenigandia mgongoni. Harufu ya samaki na wali wa sayadia niliipata tangu ngazini, lakini sahani zilikuwa zimeshaoshwa. Mervat alinibakizia mikia.

Nimekula mikia. Nimesikitika kidogo. Ila sikulipa.

Jumapili, 17 Agosti

Muuza mboga amenifukuza alfajiri. Eti nimeziba mlango wake. Ameniita maneno ambayo sitayaandika.

Mchana kutwa kuzunguka. Jioni, karibu na maghribi, nikaona vijana waliovaa suti nyeusi wanaelekeza magari uani, kwa adabu, bila kuomba kitu. Ukumbi wa tanzia! Wafiwa wanaegesha bure! Nikavaa uso wa huzuni, nikaingia. Kijana mmoja akanifungulia mlango wa gari akaniambia Mungu akujaalie subira. Nikamwambia amina.

Nilidhani nitapeana mikono kisha nichomoke kwa mlango wa pili. Wapi! Wamenishika mkono wakanikalisha safu ya mbele. Kahawa chungu. Msomaji wa Kurani mwenye pumzi ndefu, na hakuna anayeinuka kabla msomaji hajamaliza. Mzee aliyekaa kando yangu akaniuliza nilimfahamu vipi marehemu. Nikashusha pumzi nikasema tulicheza mpira pamoja ujanani, alikuwa kipa hodari. Mzee akashusha kikombe chake. Akasema marehemu ni Madam Ihsani, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana.

Nikalia. Sikupata njia nyingine. Waliponiona nalia hivyo, wakaniongezea kahawa.

Kumbe nyumbani dada wawili walikuwa wananingoja twende kutembea ufukoni, kula mahindi ya kuchoma, kama walivyofanya walipokuwa wasichana. Nilipofika walishavua viatu. Nagwa aliuliza nilikuwa wapi. Msibani, nikasema. Akanipa pole kwa moyo safi kabisa, akaenda kunipashia chai. Nimeona aibu. Kwa kweli nimeona aibu.

Kesho pia wanapokea rambirambi. Nitafikiria.

Jumatatu, 18 Agosti

Sikwenda msibani. Nina heshima zangu. Halafu yule mzee atakuwepo.

Leo nimefuata ustaarabu wa nchi: safu ya pili! Unaliweka gari kando ya gari la mwenzio, unatoa gia, unashusha breki ya mkono, unaondoka zako. Anayetaka kutoka anausukuma mkebe wako kidogo, anapita. Ndivyo tunavyoishi Misri, na mwenye kuacha gari safu ya pili na breki juu hana mama wala baba. Nikaliweka karibu kabisa na mlango wa Mervat. Hanafi alinitazama tu, anatafuna mbegu za tikiti. Nikampungia mkono.

Mipango ilikuwa hivi: nipumzike kidogo, kisha alasiri niwapeleke makaburini kwa mama yao, Mervat amsalimie kwa mara ya mwisho.

Nikashuka. Gari hakuna!

Nikapiga kelele mwizi. Mpiga pasi akatoa kichwa dirishani, akasema si mwizi, ni daktari wa ghorofa ya tatu, alikuwa anatoka, kalisukuma mpaka duka la dawa. Nikakimbia duka la dawa. Pale wakasema wao wamelisukuma kuelekea kwa muuza mikate, mteja alikuwa na haraka. Kwa muuza mikate wakasema kweli lilipita, lilikuwa linakwenda vizuri, mteremko ule. Kila mtu kalisukuma hatua zake. Kila mtu na adabu zake! Nililikuta nyuma ya kona ya mwisho, kivulini, kioo kimeoshwa, na Hanafi amekaa juu ya boneti.

"Limekuja lenyewe, injinia," akasema. "Lina akili kumshinda mwenyewe."

Nikalipa ya kuegesha. Nikalipa na ya kuosha. Tukafika makaburini tukakuta mlinzi anafunga lango. Mervat akashika vyuma vya lango akasoma Fatiha palepale nje. Nagwa akamwambia usijali dada, tutakuja Jumatano, Baba Dalia atatuleta. Baba Dalia ndiye mimi. Nikasema naam, bila shaka.

Usingizi haunijii. Lile lango linanisumbua. Hata Hanafi ananisumbua, lakini lango zaidi.

Jumatano, 20 Agosti

USHINDI!

Jana jioni, nikipita kwa mara ya sijui ngapi, nikaona nafasi. Chini ya roshani ya Mervat! Kando ya ukuta wa msikiti, kivuli asubuhi, upepo mchana. Wenye magari ya mtaa huu wote wamepita hapo bila kuingia. Vipofu! Nikaingiza Fiat kwa mara moja, bila kurudi nyuma, kama mkono unaoingia mfukoni. Hanafi hapo si pake, kasema mwenyewe, upande wa msikiti hachukui hela. Bure kwa haki!

Kisha nikalifunika. Mervat alikuwa na turubai kuukuu la gari la marehemu mumewe, nikalitandika juu, nikarushia vumbi kidogo, majani makavu kidogo. Sasa linaonekana limekaa hapo tangu enzi ya mfalme. Nani atamgusa mwenyeji?

Leo asubuhi dada wawili wakatoka chumbani wamevaa nyeusi. Makaburini, kisha Abu Qir kula samaki, Mervat alitaka kule kulekule walikokuwa wakipelekwa na baba yao. Nikawaeleza hali halisi. Nikitoa gari, nafasi imekwenda. Mwezi wa Agosti! Nafasi kama hii mtu huipata mara moja maishani. Nikawaelekeza basi dogo la kupanda, na kwamba wakae upande wa bahari.

Nagwa akasema, "Baba Dalia, ni kaburi la mama."

Nikasema najua, Mama Dalia, Mungu amrehemu, lakini gari nimeshalifunika.

Wakaenda peke yao. Mimi nikakaa roshanini na bakuli la mbegu, nalitazama gari. Magari yakapita yakitafuta, yakizunguka, madereva wametokwa jasho. Nilijihisi mfalme. Adhuhuri nikajihisi mfalme kidogo kidogo. Alasiri nilitamani mtu wa kuongea naye.

Walirudi macho mekundu, wameshikana mikono kama wasichana. Waliniletea samaki ndani ya karatasi. Hawakuninunia. Samaki alikuwa mtamu sana, na hilo ndilo lililonizidishia majuto.

Alhamisi, 21 Agosti

Mambo ya ajabu mtaani. Tangu asubuhi watu wanatoa magari yao upande wa msikiti. Mmoja baada ya mwingine, wanayapeleka mtaa wa nyuma. Nimewahesabu wote kuwa ni wapumbavu.

Alasiri Hanafi akasimama chini ya roshani akaniita. "Injinia! Litoe gari leo. Kesho Ijumaa. Hapo utafungiwa mpaka watu waswali watawanyike, na Madam Mervat ana ndege." Nikamcheka. Ndiyo, anaitaka nafasi yangu, apate kuipangisha! Akasema atanipa pake, kule kivulini, ya leo na kesho. Nikauliza kwa bei gani. Bure, akasema. Madam Mervat amemlisha kila Ramadhani tangu alipokuja mtaani hapa, na yeye hajawahi kumfanyia jambo.

Bure! Sayisi! Hapo ndipo nilipojua kabisa kwamba ni mtego. Nikamwambia mimi sikuzaliwa jana. Akaitazama roshani, akanitazama mimi, akaondoka bila kupiga filimbi.

Nagwa alikuwa ndani anamsaidia dada yake kufunga masanduku. Akauliza Hanafi alikuwa anasemaje. Nikasema alikuwa anasalimia tu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nitaandika yote.

Saa ya kuondoka ilikuwa kabla ya adhana. Nikashuka na sanduku la kwanza. Mtaa umejaa. Safu ya pili, safu ya tatu! Msikiti umefurika, mikeka imetandikwa barabarani mpaka kwa mpiga pasi. Fiat yangu imelala ukutani chini ya turubai lake kama maiti. Lililonizuia ni gari jeusi kubwa. Nikalisukuma. Halisogei. Breki juu! Asiye na mama wala baba!

Nikawaambia tungoje, hutuba itaisha sasa hivi. Hutuba ya leo ilihusu haki za jirani, na imamu alikuwa na mengi ya kusema. Mervat akatazama saa, akasema shemeji, tafadhali, niitie teksi.

Hanafi ndiye aliyekwenda kuileta kutoka barabara kubwa. Masanduku manne. Dereva akasema yatafungwa juu ya paa, ila kuna nyongeza kidogo. Nyongeza! Siku ya kuagana! Nikamkatalia kwa niaba ya shemeji, nikayapakia ndani mwenyewe. Nilijivunia nilivyoyapanga. Yalijaa kiti cha nyuma chote, mpaka darini. Nilipofunga mlango ndipo nikamwona Nagwa amesimama na mkoba wake mkononi, hana pa kukaa.

 Dereva alikuwa anapiga honi, watu wa mikekani wanamzomea. Nikasema haraka, sisi tupo nyuma yenu, shemeji, tutakutana mlangoni kabla hujaingia. Mervat akatoa mkono dirishani, akaushika mkono wa Nagwa, teksi ikaondoka huku bado wameshikana.

Swala ikaisha. Mwenye gari jeusi hakuonekana. Ndipo Hanafi akapuliza filimbi yake kwa nguvu zote akawaita waumini. "Wanaume! Kuna mtu anamfuata dada yake! Bismillahi!" Wakaja, wenye kanzu, wenye suruali, hata muuza mikate. Wakalishika lile gari jeusi kwa mikono, wakaliinua, wakalitupa kando kama kochi. Thawabu tupu. Nikatoka. Nilitaka kumpa Hanafi kitu, lakini sikuwa na chenji.

Nikaendesha kama kijana. Nagwa amekaa mbele, amepakata mfuko wa mboga kavu ya mlokhia aliyomkaushia dada yake kwa mikono yake, naye Mervat akausahau jikoni kwa haraka. Simu ikalia. Mervat yuko mlangoni! Afisa wa pale ni mwema, amemruhusu angoje kidogo, mizigo imeshaingia, amebaki yeye. Njooni! Nagwa akacheka huku analia. Baba Dalia, tutamkuta! Na mimi nikacheka. Mungu ni shahidi, nilikuwa na furaha.

Uwanja ukaonekana. Mbele yangu geti, na mashine ya tiketi. Kila gari linaloingia hulipa, hata anayeshusha mtu tu.

 Wallahi mikono yenyewe ndiyo iliyokata usukani. Nikasema dakika moja, Mama Dalia, madereva wa teksi lazima wana mahali pao nje, wao si wajinga. Akasema ingia, Baba Dalia. Nikasema palee, nyuma ya bango. Akasema ingia, nakuomba. Nikasema pale kuna kivuli kabisa, tazama.

Akafungua mlango gari likiwa bado linatembea. Akashuka. Nikamwona anakwenda kwa haraka pembeni mwa barabara, juani, viatu vya kisigino, amekumbatia ule mfuko. Anakimbia, anatembea, anakimbia. Mama wa umri wake. Kutoka getini mpaka mlangoni ni mbali sana, hilo sikulijua.

Mimi niliegesha nyuma ya bango. Bure.

Alirudi taratibu. Mfuko wa mlokhia bado uko mkononi. Afisa alikuwa amebadilishwa na mwingine, asiye mwema, akamlazimisha Mervat aingie. Nagwa alimwona kwa mgongo tu, nyuma ya kioo, anapiga simu. Ile simu ilikuwa inalia ndani ya mkoba aliouacha garini. Niliisikia. Niliiacha ilie mpaka ikakatika.

Akaketi kiti cha nyuma, peke yake. Tulipofika karibu na njia ya Kairo ndipo aliposema, "Nilikuja kumuaga dada yangu. Wewe ulikuja kuegesha gari." 

Ninajuta. Nimeandika neno hilo nikalitazama, nalo halitoshi.

Jumanne, 9 Septemba

Muda mrefu sikuandika. Nyumba kimya. Nagwa anapika, anafua, anajibu nikiuliza. Mervat akipiga simu, anaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Hataki niombe radhi tena, kasema nimeshaomba vya kutosha.

Wiki hizi nimejichunguza kwa uaminifu. Usiku nalala nikimwona anakimbia pale barabarani. Nimetafuta kosa langu mpaka nimelipata: sikufanya utafiti. Ningekwenda uwanjani Alhamisi, nikachunguza pande zote, ningejua mapema mahali pa bure palipo karibu na mlango, na dada wawili wangeagana vizuri. Nilikwenda kichwakichwa. Hilo silirudii.

Na bahati imenipa nafasi ya kusahihisha! Nagwa anakwenda Sharjah kumtembelea dada yake. Ndege yake ni kesho asubuhi. Binti yetu Dalia kamkatia tiketi. Niliiona mezani: ya kwenda tu. Nikafurahi moyoni, mwishowe mke wangu kajifunza kubana matumizi, maana ya kurudi bila shaka ni rahisi zaidi ukiinunua kulekule. Kafungasha sana, lakini. Mpaka makoti ya baridi, mpaka picha ya mama yake iliyokuwa ukutani, na Sharjah joto tupu! Sikumsumbua kwa maswali. Wanawake na mizigo yao.

Leo nimeshinda uwanja wa ndege wa Kairo tangu asubuhi mpaka jioni. Nimepapata! Nyuma ya maghala, kando ya ukuta, hakuna geti, hakuna mashine, hakuna sayisi. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu tu, na masanduku yake yana magurudumu. Tutatembea pamoja, tutaongea, nitamwomba radhi njiani kwa utulivu.

Alikuwa ameagiza teksi. Nimeipigia simu nikaifuta. Nitamwambia asubuhi.